Unataka kazi ya CNC? Kompyuta itakusubiri, anza na venia

Mwaka wangu wa kwanza kwenye CNC, yaani mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, nilivunja endmili (kisu kinachozunguka) ya bei mbaya na kupinda klempu (kibano kinachoshika kazi, yaani kipande unachochonga) kwa sababu ya nukta. Nukta hii hii ya kwenye kibodi. Niliandika Z50 badala ya Z50. na mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, kontrola ya Fanuc iliyosetiwa kwamba ukiandika namba bila nukta inahesabu kwa maikroni (sehemu ya elfu ya milimita), kwa hiyo mimi najua kisu kinapanda milimita hamsini juu ya kazi, chenyewe kikapanda milimita 0.05, yaani unene wa unywele, alafu mstari unaofuata ukakiamuru kikimbie spidi yote kwenda upande wa pili na njiani kulikuwa na klempu. Ule mlio naukumbuka mpaka leo. Bosi alitoka ofisini na kijiko mkononi, alikuwa anakula.

Nimeanzia hapo makusudi maana vijana wengi wananiuliza "kaka nataka kusoma CNC, nijifunze programu gani?" na mimi nikiwauliza "venia unaisoma?", yaani kile kifaa cha mkononi cha kupimia milimita, wanacheka, wanadhani nawatania. Siwatanii. Kwenye lezi ya mkono, mashine ya kukereza chuma, ukikosea unahisi mapema, chuma kinabadilisha mlio, gurudumu linakuwa zito, unarudi nyuma. CNC haikuhurumii, inafanya ulichoandika, na kama kipimo umekosea itakutengenezea bushi (bomba fupi ambalo shafti inakaa ndani yake) mia mbili mbovu zinazofanana kama mapacha. Kwa hiyo huu mwongozo unaenda kinyume na matangazo mengi ya kozi, humu kompyuta inaingia katikati.

Naongelea zaidi Dar kwa sababu ndio napopajua, nimeanzia mtaa wa Gerezani kwenye lezi, ila mtu wa Mwanza, Arusha, au wa jua kali Nairobi atajikuta humu humu.

Kwanza jua unagonga mlango upi

Watu wakisikia habari za viwanda vya kidijitali wanawaza roboti zinatengeneza magari. Hapa kwetu mlango uliofunguka kuliko yote ni mageti. Ndiyo, mageti. Si umeyaona yale yenye maua na simba waliokatwa kwenye bati nene la chuma, watu wanaita geti la CNC, yale yanakatwa na mashine ya plazima inayosoma faili kutoka kwenye kompyuta. Nenda Keko kwa mafundi fanicha utakuta ruta za CNC, mashine za kuchonga mbao, zinachonga milango na vitanda. Vibao vya maofisini vinakatwa na leza. Mafundi wa chuma tunazidharau hizi kazi, tunaziita urembo, lakini ukweli ni kwamba ndani yake kuna kila kitu: unachora, unatengeneza njia ya kisu, unabana kazi, unaseti sifuri (mahali vipimo vyote vinapoanzia), unaendesha, na ukikosea umeharibu ubao na sio shafti ya mamilioni. Kama huna pa kuanzia anzia hapo na usione aibu.

Mlango wa pili ni chuma chenye vipimo, yaani kukereza na milingi (kisu kinazunguka, kazi imebanwa) kwa ajili ya spea za viwanda. Viwanda vya sukari, simenti, bia, plastiki, migodi ya Kanda ya Ziwa, vyote vinakula spea kila siku ya Mungu, shafti, bushi, gia, rola, na spea ikikosekana hapa inaagizwa nje na mtambo unalala ukiisubiri. Hela ipo hapa na watu ni wachache, na ndio sehemu ninayoandikia zaidi.

Wa tatu ni matengenezo. Kiwanda cha kujaza maji kwenye chupa kinaweza kisiwe na CNC hata moja lakini laini yote inaendeshwa na PLC, kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo, na ikigoma saa nane usiku anapigiwa simu mtu anayejua PLC, sensa na inverta za mota. Kama wewe ni fundi umeme usihangaike na milingi, sogea huko, kuna programu ya bure inaitwa OpenPLC unaweza kuitumia kuandika na kujaribu leda, ile michoro ya kuiamuru PLC, kwenye laptopu kabla hujagusa PLC yenyewe. Mimi ni mtu wa chuma, sitaingia ndani zaidi.

Venia, na hapa usiwe na haraka

Nunua venia yako mwenyewe. Ya chuma, inayosoma milimita 0.02, ya mistari, ile ya digitali utanunua baadaye, maana digitali inakupa jibu bila kukufundisha na betri ikiisha katikati ya kazi unabaki unaangalia angani. Ukiwa dukani funga taya, inua venia juu kwenye mwanga, ukiona mwanga unapenya katikati ya taya mrudishie mwenye duka. Alafu tazama sifuri ya chini na sifuri ya juu, zinakutana au zimepishana? Zikipishana mrudishie pia, hata akikuambia "hiyo kidogo tu kaka".

Sasa zoezi. Chukua sarafu ya mia mbili, pima unene wake mara kumi, kila mara fungua taya kabisa ufunge upya, andika namba kwenye daftari bila kuangalia uliyoandika mwanzo. Mpe na mwenzako afanye hivyo hivyo. Kama namba zako kumi zimeachana zaidi ya 0.04, mkono bado, na tatizo sio venia, ni kwamba mara unabana sana, mara umeinamisha, mara jicho limekaa upande. Rudia kila siku wiki nzima, inachosha, najua. Kuna binti mmoja alikuja kwetu fildi akaifanya wiki mbili bila kuambiwa, mpaka anaondoka kazi ikiwa na ubishi wa kipimo wazee wa karakana walikuwa wanaipeleka kwake.

Baada ya venia shika maikromita, ile inasoma 0.01. Ina kitasa cha nyuma kinacholia tik tik, zungusha kwa hicho, kikilia mara mbili tatu acha. Ukiikaza kama unafunga bomba unaitanua fremu na namba unayosoma ni ya uongo.

Kwa nini nasisitiza hivi. Ukipewa mchoro umeandikwa tundu 25 H7, maana yake tundu liwe kati ya milimita 25.000 na 25.021. Nafasi uliyopewa ni 0.021, ndogo kuliko nusu ya unywele wako. Usipojua kupima hujui kama umefika, umepitiliza au bado, na mashine haikuambii.

Na kuna joto. Chuma kinatanuka, kwa hesabu ya haraka kipande cha milimita 100 kikipanda joto nyuzi 30 kinaongezeka kama 0.035, ambayo tayari ni zaidi ya ile nafasi yote ya H7 niliyoitaja. Kazi ikitoka mashine ni ya moto, ukiipima hapo hapo unajidanganya. Nilishaona fundi amepima tundu la bushi likiwa moto, akaridhika, akaoga akaenda nyumbani, asubuhi shafti haiingii. Bushi ilipoa ikasinyaa, mteja yuko mlangoni na gari limekodiwa. Acha kazi ipoe, na kifaa cha kupimia nacho kisikae juani wala mfukoni mwa suruali.

Mchoro na hesabu za darasa la saba

Mchoro wa kiufundi unajifunza kwa kuchora kwa mkono kwanza, karatasi, penseli na rula. Chukua kitu chochote, nati, pedeli ya baiskeli, kichwa cha bomba, kichore mbele, juu na ubavuni, weka vipimo, alafu mpe mtu asiyekiona akuambie ni kitu gani. Akishindwa mchoro wako haujakaa.

Kitu kimoja kinachowaumiza watu kimya kimya ni mpangilio wa mionekano. Michoro ya Kiingereza, ya Ulaya na ya Wachina kwa kawaida inaweka mwonekano wa kushoto upande wa kulia wa karatasi. Ya Wamarekani na Wajapani inaweka wa kushoto kushoto. Na sisi mashine zetu nyingi zimetoka kote kote, leo unachonga spea ya mtambo wa Kijapani kesho wa Kichina. Kuna alama ndogo kwenye kona ya mchoro, kama kikombe kilicholala na duara mbili pembeni yake, hiyo ndio inakuambia ni mpangilio upi. Usipoiangalia utachonga kitu kizuri, vipimo vyote sawa, tundu limekaa upande usio wake.

Hesabu nyingi hazizidi za shule ya msingi ila ziwe kichwani. Ya kwanza ni ya mzunguko: chukua spidi ya kukata kwa mita kwa dakika, zidisha mara 1000, gawa kwa 3.14 mara kipenyo. Mfano una shafti ya chuma laini ya milimita 40 na kisu cha HSS (chuma kigumu cha kukatia), spidi ya kukata weka 25. Elfu ishirini na tano gawa kwa 125.6, unapata kama 199, weka mizunguko 200 kwa dakika. Shafti hiyo hiyo na kisu cha kabaidi, kigumu zaidi ya HSS, ukiweka spidi 120 unafika kama 955. Ona tofauti, na ona kwa nini mtu anayekariri "mimi huwa naweka mia tano" anachoma visu vya HSS na vya kabaidi havifanyi kazi yake. Ya pili ni ya nyuzi za bolti: tundu la tapu (kifaa cha kukatia nyuzi ndani ya tundu) ya M10 yenye hatua 1.5 ni kumi toa moja na nusu, drili ya 8.5. Ya tatu, hii imetoka sekondari, ni saini, kosaini na tanjenti, kwa ajili ya pembe. Uliyakimbia shuleni, yamekungoja hapa.

Sasa fungua kompyuta

Laptopu ya mtumba inatosha, ukipata yenye ramu ya 8 utafurahi. Ila kabla hujaingiza programu yoyote ya kuchora andika kodi, yaani amri za mashine, kwa mkono kwenye daftari. Hii lugha ya G-kodi sio ngeni duniani, mashine ya kwanza ya kuongozwa na namba ilionyeshwa chuo cha MIT Marekani mwaka 1952 ikisoma mkanda wenye matundu, na mpaka leo msingi ni ule ule, mashine inafuata namba ulizoipa. Angalia hii, inachimba mfereji mmoja wa milimita 50 kwenda chini milimita 2:

G21 G90 G54
G00 Z50.
X0. Y0.
S1200 M03
Z5.
G01 Z-2. F50.
X50. F150.
G00 Z50.
M05
M30

Isome kama unasoma barua. G21 ni milimita (G20 ni inchi, na ukichanganya hizo mbili kazi yako itakuwa kubwa mara 25.4 au ndogo kiasi hicho hicho), G90 inasema namba zote zihesabiwe kutoka sifuri moja, G54 ndio hiyo sifuri uliyoiseti wewe kwenye kazi. G00 ni kukimbia bila kukata. Kisu kinapanda juu kwanza ndio kinatembea, siku zote juu kwanza, hata kama unaona njia ni nyeupe. M03 inazungusha spindo (mhimili unaoshika kisu) kisaa kwa mizunguko 1200, kisu kinashuka mpaka milimita 5 juu ya kazi. G01 ni kutembea huku unakata, F ni mwendo wake kwa milimita kwa dakika, kinazama polepole kwa 50 alafu kinakata kwa 150. Kinapanda, M05 spindo inasimama, M30 mwisho.

Umeona mstari wa X0. Y0. hauna G mbele yake? Amri ya G00 ya juu bado inaishi, inaishi mpaka uibadilishe. Hapo wengi wanaumia, mtu anadhani anakata kumbe bado yuko kwenye G00, kisu kinaingia kwenye chuma kwa spidi ya kukimbia. Kwenye mashine za kubadilisha visu kuna pia habari ya urefu wa kila kisu, G43, usiiruke ukifika huko.

Na hizo nukta, umeziona zote? Mashine nyingi za kisasa na ruta za mbao hazijali, 50 na 50. kwao ni kitu kimoja. Wewe weka tu, maana hujui kesho utakutana na ipi.

Ukishaweza kuandika vitu vya namna hii kwa mkono, mfereji, mraba, duara kwa G02 na G03, ndio ushushe programu. CAMotics ni ya bure, inakuonyesha kisu kinavyokula kazi kwenye skrini, bandika kodi yako uone. FreeCAD ni ya bure, unachora umbo la pande tatu na inakutolea kodi. LinuxCNC ni ya bure na unaweza kuiendesha kwa mfano bila mashine yoyote, ukapata skrini yenye vitufe vya kuhomu (kuirudisha mashine kwenye sehemu yake ya kuanzia), kuseti sifuri, kuendesha, kama uko karakana. Jumla umetumia bando na muda. Vunja endmili mia za kwenye skrini, hakuna bosi atakayetoka na kijiko.

Ila programu ikikutolea kodi ya mistari elfu mbili, isome mistari ishirini ya mwanzo na kumi ya mwisho kila mara. Makosa makubwa hukaa pale kisu kinapoingia na kinapotoka.

Na Kiingereza cha mashine. Huhitaji kuongea kama mtangazaji, unahitaji maneno kama mia moja tu ya kwenye skrini na ya alamu, yaandike kwenye daftari na maana yake kwa Kiswahili chako. Mashine ya Kichina yenye vitufe vya Kichina, elekeza kamera ya simu na programu ya kutafsiri, alafu bandika selotepu yenye maandishi juu ya kila kitufe. Tumefanya hivyo, inafanya kazi.

Tafuta mzee

Nchi hii sio mgeni wa mashine. Karakana ya Mang'ula kule Kilombero ilianza kwa ajili ya ujenzi wa TAZARA, ikijengwa na Wachina, na kule Hai Kilimanjaro kuna kiwanda cha KMTC kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria kwa kazi ya kutengeneza mashine zenyewe. Zilipoyumba, ujuzi ulienda na watu majumbani. Mzee aliyenifundisha mimi alitokea karakana za namna hiyo, hakuwahi kugusa CNC maisha yake yote, lakini akisikia chuma kinavyolia alikuwa anajua kisu kimekufa kabla hujakiona. Mtafute wa kwako, msalimie vizuri, mfagilie chini, mletee chai. Hicho anachokijua hakipo YouTube.

Cheti

Utakihitaji, tusidanganyane, maana mtu wa rasilimali watu hajui kupima bushi, anajua kusoma karatasi. Njia zipo kadhaa. Kuna VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, kwa maana ya kusoma kawaida kuanzia ngazi ya kwanza mpaka ya tatu. Kuna uanagenzi, unasoma sehemu chuoni na sehemu kiwandani, na kama umri unaruhusu mimi ningechagua huu kuliko yote kwa sababu unamaliza ukiwa umeshazoea kelele. Na kama wewe ulijifunzia mtaani miaka kumi na huna karatasi, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, unapimwa kwa vitendo, ukifaulu unapewa cheti bila kurudi kukaa na watoto darasani. Mafundi wengi hawaujui huu au wanaudharau, matokeo yake mtu anajua kazi kuliko supavaiza wake lakini analipwa kibarua. Kenya nao wana mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, gredi ya tatu hadi ya kwanza.

Ukienda kuuliza chuo chochote, cha serikali au binafsi, usiulize tu ada. Uliza: mashine ya CNC mnayo? Inawaka? Nikiwa mwanafunzi nitaishika masaa mangapi? Omba kuiona. Kama imefunikwa turubai na juu yake kuna maua ya plastiki, umepata jibu.

Usaili

Sivii yako iwe na picha za kazi, na kila picha iwe na venia au maikromita ikionyesha kipimo, pembeni uandike mchoro ulitaka ngapi na wewe umetoa ngapi. Picha ya wewe umesimama pembeni ya mashine mpya umekunja mikono haina kazi, hata dereva aliyeileta anayo.

Kiwanda kinachojielewa kitakupa kipande cha shafti na maikromita kabla ya maswali yoyote. Futa kipande, futa taya, angalia sifuri, ndio upime. Anayekusaili ameshapata jibu kabla hujasema namba. Wakikuuliza kitu hujui, sema hujui na sema ungemuuliza nani au ungetafuta wapi. Mwongo kwenye mashine ya mamilioni ni hasara inayotembea, wanajua hilo.

Siku zako za kwanza kwenye mashine

Glavu vua. Najua tumefundishwa glavu ni usalama, ila karibu na kitu kinachozunguka glavu inashikwa na inaenda na mkono. Mikono mirefu kunja, nywele funga, kitambulisho cha shingoni weka mfukoni.

Ukiwasha, homu mashine kwanza. Ukiseti sifuri, usiamini, peleka kisu kwa mkono polepole mpaka juu ya sehemu unayodhani ni sifuri uone kwa macho kama kweli. Programu mpya iendeshe hewani kwanza, kisu kikiwa juu mbali na kazi. Alafu iendeshe mstari mmoja mmoja, kitufe cha single bloki, mwendo umeushusha chini kabisa, kidole kiko kwenye kitufe chekundu, na jicho liko kwenye namba za skrini. Siku ile ya nukta ningefanya hivi ningeona Z 0.050 pale juu na ningesimamisha, klempu ingekuwa nzima. Sikufanya kwa sababu bosi alikuwa na haraka na mimi nilitaka aone najua.

Kipande cha kwanza kikitoka pima kila kitu, andika. Cha pili pima. Baadaye pima kila cha tano au cha kumi, maana kisu kinaisha taratibu na kipimo kinasogea kidogo kidogo, usiku wa shifti ndio utagundua trei nzima imepotea. Ukikosea sema mapema. Kipande kibovu kilichofichwa chini ya meza huwa kinapatikana, na mara nyingi kinapatikana na mteja.

Neno kwa wenye karakana

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Mnanunua mashine kwa mkopo, muuzaji anampa mafunzo mtu mmoja siku chache, mara nyingi mtoto wa bosi, alafu huyo mtu anapata ofa sehemu nyingine au anaenda kusoma, mashine inabaki kabati la kuwekea sabuni. Fundisha wawili au watatu kwa mara moja, na mmoja awe fundi wa lezi wa zamani hata kama kompyuta inamtoa jasho. Na mlipeni. Mtu umemfundisha mwaka mzima anakimbia kwa ajili ya nyongeza ya laki, hesabu uliyoipiga hapo ni ipi?

Umeme wetu mnaujua. Weka stabilaiza ya nguvu inayotosha, na fundi afundishwe la kufanya umeme ukikatika katikati ya kata: usiwashe ukaendelea palipoishia, toa kisu, homu upya, angalia kisu kama kimevunjika, ndio uanze.

Na betri. Mashine nyingi zina betri ndogo inayotunza kumbukumbu na vigezo vyake. Betri ikifa mashine ikiwa imezimwa, vigezo vinafutika na mashine inasahau yenyewe ni nani, inaamka kama mtoto mchanga, na kumwita mtaalamu kutoka nje kuja kuirudishia ni gharama inayoweza kukufanya uifunike turubai. Nimekuta mashine nzima, nzuri, haina mkwaruzo, imekufa hivyo, na betri yenyewe ilikuwa inatoa alamu kwenye skrini miezi kadhaa, mtu anabonyeza kitufe cha kuifuta na kuendelea. Kwenye kontrola nyingi kama za Fanuc inabadilishwa mashine ikiwa imewashwa, soma kitabu chake kwanza. Nakili vigezo vyote kwenye flashi au kadi ya kumbukumbu, nakala moja ofisini na nyingine nyumbani kwa bosi, na tarehe ya betri iandikwe kwa maka peni ndani ya mlango wa kabati la umeme, maandishi makubwa, chini yake jina la anayehusika.